Nchi Mbili kwenye Meza Moja

Simu iliingia Jumatatu asubuhi nikiwa dukani nafungua maboksi ya madaftari ya shule. Msichana aliyepiga aliniamkia vizuri, akanitajia jina la bibi yake, na mimi nikakaa juu ya boksi. Bibi yake, alisema, ameletwa Dar kufanyiwa operesheni ya macho, wamefikia kwa jamaa zao Ilala, na tangu waliposhuka kwenye basi amekuwa akiniulizia. "Anasema wewe ndiye Siwema wa gesti." Nikamjibu kuwa ndiye mimi, na kwamba nitakuja kesho. Kesho yake sikwenda, na keshokutwa yake sikwenda. Nina miaka hamsini na kitu, nimezika wazazi wangu wote wawili, nimelea watoto watatu hadi wakaondoka nyumbani. Lakini siku zile mbili nilivaa baibui, nikachukua mkoba, nikafika mpaka mlangoni, kisha nikarudi ndani na kuvua. Nilikuwa namwogopa bibi kizee asiyeona. Kusema kweli niliogopa kitu ambacho angeweza kuniuliza, na zaidi niliogopa kile ambacho mimi ningelazimika kumuuliza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nakaa mapokezi kwenye gesti moja ya Kariakoo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la mabegi. Gesti yenyewe haipo tena. Wamejenga pale jengo refu la vioo, na ukipita mchana jua linakurudishia uso wako mwenyewe ukutani. Zamani ulikuwa unaingia kwa mlango mwembamba kando ya duka, unapanda ngazi za saruji ambazo zilikuwa giza hata saa sita mchana, na ukifika juu unakutana na mimi nyuma ya dirisha lenye nondo, funguo zimening'inia kwenye misumari mgongoni kwangu na daftari la wageni mbele yangu. Daftari lile lilikuwa kubwa, la jalada gumu, nimelipiga mistari kwa rula: jina kamili, kabila, ulikozaliwa, unakotoka, unakokwenda, shughuli, sahihi. Askari walikuja siku mojamoja kulikagua. Kwangu mimi lilikuwa karatasi tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu akiandika mji aliozaliwa anaweza kuwa ananiwekea roho yake mkononi.

Mwenye gesti alikuwa Mama Aikande, mjane wa Kichaga, mfupi, mwenye haraka, ambaye kila alfajiri alishuka Feri kununua samaki na kurudi kabla sijafagia ukumbi. Hakuwa na mgahawa; alikuwa na meza moja ndefu ya mninga katikati ya ukumbi, na kila aliyetaka kula alikula pale, na wenzake, saa saba mchana. Aliyechelewa alikuta sufuria limeoshwa. Wali, maharage, mchicha, samaki wa kukaanga. Jumapili ndizi na nyama. Wageni wetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa nchi jirani waliokuja kununua mzigo wa jumla, na wawili kati yao ndio ninaowaandika hapa. Walitoka nchi mbili zinazopakana, huko upande wa maziwa, na sitazitaja, kwa sababu watu wa nchi hizo mpaka leo wanapanda ngazi za gesti nyingine za Kariakoo na sitaki mtu awaangalie vibaya kwa ajili yangu. Hata maneno yao nayaandika kwa Kiswahili chetu. Nikiyaandika kwa Kiswahili chao mtawajua mara moja.

Wa kwanza alikuwa Mama Furaha, mnunuzi wa vitenge, mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye kicheko kilichoanza polepole. Alinifundisha kutofautisha kitenge kizuri kwa kukipekecha kati ya vidole, na kila safari aliniletea kitu. Wa pili alikuwa Deo, ambaye sokoni walimwita Deo wa Masufuria, mwembamba, msafi, aliyekunja mikono ya shati mara mbili tu, sawasawa. Walikuwa wakikodi lori moja kwa miaka: vitenge vyake chini, masufuria yake juu, mpaka mpakani, na huko wakaachana kila mtu na njia yake. Walijuana kwa majina ya sokoni. Wakikaa mezani walitaniana kama mtu na shemeji yake.

Na palikuwa na Profesa. Chumba namba saba, mwisho wa korido, kilikuwa chake muda wote, mwaka mzima. Alikuwa amestaafu kufundisha falsafa chuoni, na kwa nini mtu wa elimu ile aliishi gesti hatukuwahi kumuuliza na hakutuambia. Alikuwa akiandika kitabu kuhusu amani ya kudumu baina ya mataifa. Msimdhanie kuwa mtu mkubwa wa mashauri. Alipenda sifa, alinuna akikosa kichwa cha samaki, aliogopa sindano, mbwa, na hata paka wa Mama Aikande. Lakini mezani, akishashiba, alisema mambo ambayo nilikuwa nikirudi nayo nyumbani yakiwa bado yananizunguka kichwani.

"Kuacha kupigana siyo amani," alisema siku moja, mwiba wa samaki ukiwa umemning'inia mdomoni. "Watu wawili wakichoka, wakakaa chini, kila mmoja na rungu lake mapajani, hao wanapumzika tu."

"Sasa amani yenyewe ni ipi?" Deo akamuuliza.

"Ni pale ambapo mtu hana haja ya kukaa ameelekea mlango."

Tukacheka, kwa sababu Deo mwenyewe siku zote alichagua kiti kinachotazama ngazi. Hata yeye alicheka. Profesa akaendelea kwamba mgeni hana haki ya kupendwa, wala haki ya kupewa chakula. Ana haki moja ndogo, asihesabiwe adui kwa sababu tu amefika. Mama Aikande akasema kwake yeye inatosha mgeni asioshe viatu kwenye sinki. Profesa akasema pia kwamba biashara huwafundisha watu wa nchi mbalimbali kuhitajiana, na wanaohitajiana hawataki vita. Hapo Mama Furaha alitikisa kichwa.

"Wanataka, Profesa. Wanasubiri tu siku ya soko ipite."

Profesa hakukasirika. Alitazama kiti cha Mama Furaha na kiti cha Deo, vilivyokuwa vimegusana, akasema kitabu chake kizima kinaweza kukaa kwenye viti vile viwili. Nadhani aliamini hivyo kabisa. Mimi pia niliamini.

Vita vilianza kama habari za mbali, sauti ya mtangazaji kwenye redio ya ukumbini iliyokuwa juu ya friji. Majeshi ya nchi ya Deo yamevuka mpaka. Wiki ya kwanza watu waliendelea kula na kuzungumzia bei ya mafuta ya lori. Wiki ya pili mtangazaji akautaja mji wa Mama Furaha, na yeye akaweka kijiko chini bila kelele, akaomba redio iongezwe sauti. Mji umetekwa. Vijana wa kiume wamekusanywa kwenye uwanja wa shule. Mama Furaha alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Patrisi, aliyemwachia duka. Alikwenda kwenye simu siku ile, na siku ya pili, na ya tatu. Simu za kule zilikuwa zinaita tu bila kupokelewa, kisha zikaacha hata kuita.

Tangu hapo akawa anachukua sahani yake na kwenda kula chumbani. Hakumwambia Deo neno baya. Deo alikaa peke yake upande ule wa meza, akila taratibu, akiwa amehamia kiti kinachotazama ukuta. Sijui kwa nini alikihama kile cha zamani. Nilikuwa najifanya nafuta vumbi, lakini nilikuwa namtazama shingo. Ilikuwa shingo ya mtu anayesikiliza. Naye Profesa, ambaye aliwahi kuzungumza mpaka chai ikapoa, sasa alikula upesi na kurudi namba saba, na nilisikia kitasa chake kikizungushwa mara mbili.

Halafu wakaja vijana waliosema Kiswahili cha nchi ya Mama Furaha. Kwanza alikuja mmoja, mrefu, mwenye sauti laini mno, shati la kijani lililopigwa pasi. "Mambo, dada?" Nikamjibu poa. Akasema anamtafuta ndugu yake, wametoka naye nchi moja, labda amelala hapa. Alitaja jina ambalo halikuwepo. Lakini alipokuwa akizungumza macho yake yalikuwa kwenye daftari, akilisoma kichwa chini miguu juu, na mimi nikaweka kiwiko juu ya ukurasa kama mtu aliyechoka. Akatabasamu. "Nitapita tena." Alipita kesho yake na mwenzake, na siku iliyofuata. Hawakufanya lolote. Walisimama tu hapo, wakauliza kama tuna vyumba, nani yuko chumba kipi, yule bwana mwembamba anayenunua masufuria ni wa wapi. Sokoni watu walikuwa wakisema kuna mtu wa nchi ya Deo amevutwa kwenye uchochoro karibu na Msimbazi akapigwa mpaka hakujulikana sura. Sijui kama ilikuwa kweli. Ilitosha kunifanya niache kalamu nikisikia kiatu kwenye ngazi. Nilijifunza kuwatambua wageni wetu wote kwa hatua zao, na nikisikia hatua nisiyoijua nilifunga daftari. Mchana kweupe, Kariakoo nzima ikipiga kelele chini, mikokoteni, wauza mitumba wakinadi, na mimi juu pale nimeshika kaunta kwa mikono miwili.

Mama Aikande alitaka kwenda kituo cha polisi. Deo ndiye aliyemzuia. Karatasi zake za kukaa nchini zilikuwa zimekwisha muda na aliogopa kurudishwa kwa njia inayopita katikati ya vita. Kulikuwa na lori la rafiki yake litakaloondoka Jumamosi kwa njia ya kuzunguka. "Mama, nivumilie mpaka Jumamosi," alisema. Mama Aikande alimtazama, akasema, "Usitoke chumbani. Chakula atakuletea Siwema." Basi nikawa nampelekea. Nilikuwa nagonga mara mbili, nasema jina langu, na ndani nasikia kiti kikiondolewa nyuma ya mlango.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, Mama Furaha alikuja kwenye dirisha langu. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kichwani, kama mtu anayekwenda kanisani. Alisema jana usiku redio ya nje imemtaja kwa jina lake la ukoo kamanda aliyekusanya vijana katika mji wao. "Deo ni Deo tu," aliniambia. "Miaka yote hii sijui jina lake la tatu. Sijui hata alikozaliwa. Nionyeshe, mwanangu."

"Mama, hairuhusiwi."

"Sitaki kitu kingine. Nataka kujua ninakula na nani."

Hakulia. Angelia labda ningekuwa na nguvu ya kukataa. Alisimama tu, mikono imeshika nondo, na nikaona kucha zake zimeng'atwa mpaka kwenye nyama. Nilimpenda mama yule. Na pia, lazima niliandike hili, nilitaka jambo liishe, liishe kwa namna yoyote, nisisikie tena hatua za watu kwenye ngazi. Nilichukua ndoo iliyokuwa karibu na mguu wangu, nikasema nakwenda kuchota maji. Daftari nililiacha wazi kwenye kaunta, kwenye ukurasa wake. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikumpa, nililiacha tu. Nilikaa jikoni nikitazama bomba lisilofunguliwa mpaka nilipoona muda umetosha. Niliporudi hakuwepo. Saa sita hivi akatoka chumbani na begi lake, akaniwekea ufunguo kwenye kaunta, akanishika shavu, akaondoka bila kusema anahamia wapi. Hapo nilijua kwamba majina yamelingana. Nilijua, na sikumwambia Mama Aikande, sikumwambia Deo, kwa sababu kusema ni kuulizwa yule mama amejuaje.

Alhamisi ilipita. Mchana ule nilimpelekea Deo chakula, akaniuliza, "Mama Furaha bado hajapata habari za mtoto?" Nikamjibu sijui. Akasema, "Masikini." Nikachukua sahani ya asubuhi nikatoka.

Walikuja Ijumaa, wakati wa swala, mtaa ukiwa umepungua watu kidogo. Nilizisikia hatua za watu wanne, polepole, zimepangana. Mama Aikande alikuwa jikoni nyuma, penye ngazi za kushukia uani. Alitokeza kichwa, akaniona uso, hakuuliza kitu. Nilimwona akipita korido kuelekea namba tano, chumba cha Deo. Wale wanne wakatokea juu. Wa shati la kijani alikuwa mbele. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, labda tulilingana umri, alikuwa amebeba kitu kirefu kilichozungushiwa gunia.

"Dada, leo hatutakusumbua sana," alisema yule mrefu kwa sauti yake laini. "Fungua namba tano."

Ndipo mlango wa namba saba ulipofunguka. Profesa alitoka na fulana na kikoi, miguu mitupu, miwani imekaa upande. Aliwaona, akasimama. Nilidhani atarudi ndani. Badala yake alitembea mpaka dirishani kwangu, akapenyeza mkono chini ya nondo, akalivuta daftari, akalipeleka kwenye meza ya chakula na kulifungua.

"Karibuni," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, siyo yake. "Kila anayepanda hapa anaandika. Kaeni."

"Mzee, sisi hatulali."

"Hata asiyelala. Ndiyo taratibu." Taratibu hiyo haikuwepo. Alikuwa akivuta viti, kimoja, kingine, cha tatu, cha nne, vikikwaruza sakafu. Niliona kikoi chake kimelowa mguu mmoja mpaka chini. Akaiweka kalamu juu ya ukurasa. "Jina. Unakotoka. Shughuli iliyokuleta. Ni dakika moja tu, wanangu."

Sielewi mpaka leo kwa nini walikaa. Labda kwa sababu alikuwa mzee, labda kwa sababu viti vilikuwepo. Wawili walikaa, kisha yule mdogo akakaa, akalaza lile gunia miguuni kwake, akachukua kalamu. Aliandika jina lake. Niliona ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi. Aliandika mji. Halafu kalamu ikasimama, akainua uso kumtazama yule mrefu.

"Hapa kwenye shughuli niandike nini?"

Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu na ukurasa ulikuwa unainuka na kushuka. Profesa akasema, kwa upole wa kweli, "Andika mlichokuja kufanya."

"Acha," alisema yule mrefu. "Acha, inuka."

Kijana hakuinuka mara moja. Ilikuwa muda mfupi sana, lakini ulitosha, kwa sababu nyuma jikoni sufuria lilianguka na kubiringika, na wote tukajua kuwa kuna mtu anashuka ngazi za uani. Yule mrefu alimsukuma Profesa kifuani. Alianguka ubavu kwenye ukingo wa meza, na mlio niliousikia haukuwa wa mbao. Wawili wakakimbilia jikoni. Yule mrefu akaja kwangu. "Fungua." Nilitoka na funguo. Nilijaribu ufunguo wa namba nne, nikajaribu wa namba sita, ukaanguka, nikauokota, na huku pumzi yake inanipiga shingoni. Nilipofungua hatimaye, ndani kulikuwa na kitanda, nusu chapati kwenye sahani, na kiti kimelala chini. Wale wa jikoni walirudi wakasema mlango wa ua wa jirani umefungwa kwa ndani. Wakaondoka wakitembea, hawakukimbia. Yule mdogo alirudi kutoka kwenye ngazi, akauchana ukurasa aliouandika, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Tulitazamana. Alikuwa na woga kama wangu.

Deo alilala usiku ule kwenye stoo ya magodoro ya jirani, akaondoka Jumamosi na lori. Sikumwona tena. Alimwachia Mama Aikande salamu anifikishie: "Mwambie Siwema ahsante kwa kuchelewesha ufunguo." Alidhani nilifanya makusudi. Salamu hiyo imenikaa kooni kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Profesa alivunjika nyonga. Nilikuwa nampelekea uji hospitali, na siku ya tatu au ya nne nilimwambia kwamba watu wote wa mtaani wanamsifu ushujaa. Alinitazama kama niliyemdhihaki. "Nilikuwa nimejifungia, Siwema. Nilizisikia hatua zao kama wewe. Nilitoka kwa sababu mkojo ulikuwa umenishinda." Kisha akasema hakufikiria falsafa hata kidogo. Alifikiria tu namna ya kuwafanya wakae chini, kwa kuwa mtu aliyekaa inambidi ainuke kwanza. Lile la kuandika lilimjia mdomoni lenyewe. "Lakini umeona? Kijana yule aliweza kubeba nondo. Kuandika ya nini, hakuweza." Akaniomba karatasi. Alinisomea maneno, nikayaandika, kuhusu mataifa kulazimika kusema hadharani, kwa maandishi, wanachokwenda kufanya ng'ambo ya mpaka. Aliendelea kuandika baada ya kutoka, akitembea kwa fimbo, lakini kitabu hakikuchapishwa, na alipofariki ndugu zake walichukua makaratasi. Mimi niliacha kazi ile mwisho wa mwaka. Nimeolewa, nimefungua duka, na mpaka leo sijaweza kukaa chumba ambacho mlango wake uko mgongoni kwangu.

Ilala nilikwenda Alhamisi. Msichana aliyenipigia simu alinifungulia, na Mama Furaha alikuwa kwenye kochi, amepungua sana, jicho moja limefunikwa bandeji na jingine likitazama mahali ambapo sikuwepo. Nikamwamkia.

"Marahaba. Sauti yako imenenepa, Siwema," alisema, na akacheka kile kicheko chake cha kuanza polepole. Nilikaa. Tuliulizana habari za watoto. Mjukuu akaanza kumimina chai, na mimi nikaona nikingoja chai imiminwe vikombeni sitauliza tena maisha yangu yote.

"Mama, ni wewe uliyewaambia?"

"Ni mimi." Hakusita. "Niliwapa jina na namba ya chumba. Niliwaambia waje Ijumaa, mtaa ukipungua." Msichana alisimama na birika mkononi. Nadhani naye alikuwa hajalisikia.

"Na mimi ndiye niliyeliacha daftari wazi."

"Najua. Ulikwenda kuchota maji na ndoo ilikuwa imejaa."

Akanisimulia yaliyobaki. Vita vilipotulia, baada ya miaka, alimwona Deo kwenye soko la mpakani, ana mvi, anauza masufuria yaleyale. Alizunguka soko mara mbili, kisha akamwendea akamwambia alichofanya. Deo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia yule kamanda ni mdogo wake, tumbo moja, na kwamba alilisikia jina lake redioni siku ileile, akanyamaza. "Kwa hiyo wote tulikuwa tunafichana," alisema Mama Furaha. Deo hakumwomba msamaha na yeye hakuomba. Deo alimuuliza unataka nini, akajibu nataka kujua Patrisi yuko wapi. Akampeleka kwa mdogo wake, nyumba iliyo hatua chache kutoka kizuizi cha mpakani. Mke wa kamanda akaleta chai. Mara ya kwanza yule mtu alitoka nje akamwacha na kikombe mkononi. Mara ya pili alizungumzia mvua. Mara ya tatu akachukua karatasi akamchorea shule, uwanja, na mahali penyewe nyuma ya vyoo.

"Nikamchimbua mwanangu, nikamzika," alisema. "Deo alikuja kunisaidia kubeba. Naye amekwisha kufariki sasa."

Nikamuuliza kama amemsamehe yule kamanda. Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa na haja yangu.

"Hapana. Mwaka jana alinialika harusi ya binti yake. Nikaenda. Wakaniketisha mbele, na nilikula wali wao moyo ukinipiga mpaka nikadhani watu wanausikia."

"Kwa nini ulikwenda, mama?"

Alinyoosha mkono hewani mpaka ukamgusa mjukuu wake begani. "Huyu anavuka pale kila wiki na mzigo. Siku wakifunga kizuizi akiwa upande wao, mlango wa kwanza atakaougonga ni ule. Na wa kwao wakikwama kwetu, watagonga kwangu." Alipapasa meza kutafuta kikombe, nikamsogezea. "Binti yule sasa ana mimba. Akijifungua nitakwenda tena. Ninaogopa, Siwema, sikufichi. Lakini nimekwisha nunua kitenge."